Kastabini Iliyovaa Shati Jekundu: uchambuzi wa kisa kimoja cha picha za karibu

Usuli

Kisa hiki kinamhusu mpiga picha niliyekuwa namfundisha. Nitamwita mpigaji. Majina yameondolewa na mambo kadhaa madogo nimeyabadilisha ili wahusika wasitambulike, lakini makosa ni yale yale tuliyoyafanya, yakiwemo ya kwangu.

Mpigaji alikuwa amezoea kupiga watu na sherehe. Vitu vidogo alikuwa ameanza navyo miezi michache tu nyuma, baada ya kupata lenzi ya makro, ya kupigia vitu vidogo kwa karibu sana, ya milimita 100. Ndipo akapata kazi yake ya kwanza ya aina hiyo. Mteja alikuwa amefiwa na mama yake, na katika vilivyobaki kulikuwa na kisanduku cha kushonea. Alitaka picha 12 za vitu vilivyomo ndani, moja kwa kila kitu, zitundikwe pamoja ukutani: kastabini (kikofia cha chuma cha kukinga kidole cha mshonaji; wengine huiita tondoo), sindano, pini mbili za nguo, bobini yenye uzi, vifungo vitatu, mkasi mdogo, futikamba ya kitambaa, kipande cha chaki ya fundi, na ufunguo wa kisanduku chenyewe.

Kazi ilionekana nyepesi. Vitu havitembei, havilalamiki, havifumbi macho.

Awamu ya kwanza

Mpigaji alifanya kazi yote jioni moja. Alitandika taulo jeupe juu ya meza iliyo karibu na dirisha, akawasha na balbu ya dari ili mwanga uongezeke. Kila kitu alikiweka katikati ya fremu na kukipiga kutoka juu kwa mshazari, vile tunavyoviona vitu tukiwa tumesimama karibu na meza. Alisogea hadi lenzi ilipogoma kusogea zaidi, yaani kwenye ukubwa wa moja kwa moja (1:1), ambapo kitu cha milimita 24 kinajaza kimo chote cha sensa, kile kibao cha kamera kinachopokea mwanga, ikiwa ni ile kubwa ya milimita 36 kwa 24. Alipiga fremu 140, akachagua 12, akazituma.

Mteja akazirudisha tisa. Alizozikubali ni chaki, bobini na kifungo kimoja kilichofunikwa kwa kitambaa. Maelezo yake yalikuwa mafupi: zile nyingine “hazina uhai”. Kwa futikamba aliandika kitu tofauti: “Hii siyo ya mama.” Naomba msomaji aikumbuke sentensi hiyo, maana sisi tuliipita.

Kulikuwa na jambo jingine. Kabla ya kupiga, mpigaji alikuwa ameisugua kastabini na upande mmoja wa mkasi kwa dawa ya kung'arishia chuma, kwa nia njema kabisa. Mteja alipoviona aliuliza kwa nini vinang'aa vile, kwa sababu mama yake hakuwa na desturi ya kuvisugua. Ule weusi uliokuwa umejikusanya kwa miaka kwenye vishimo vya kastabini ulikuwa umekwenda, na haurudi. Kati ya yote yaliyoharibika katika kazi hii, hilo peke yake halikurekebishika.

Tulivyopotea njia

Mpigaji alinijia na jibu lake tayari. “Mwalimu, nadhani lenzi ina tatizo. Hakuna hata picha moja iliyo kali kote.”

Nami nikalifuata jibu hilo bila kulichunguza. Ni kweli picha hazikuwa kali kote. Katika ukubwa ule, kwa f/8 (hiyo ni namba ya tundu la lenzi; namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), sehemu inayoonekana kali ina unene wa takriban milimita moja tu. Kastabini ina upana wa karibu milimita 17. Kwa hiyo nikamwambia alifunge tundu la lenzi hadi f/22 na arudie. Tulirudia vitu vyote tisa. Matokeo yalikuwa mabaya kuliko ya mwanzo. Sasa hapakuwa na sehemu yenye ukungu wala sehemu yenye ukali. Picha nzima ilikuwa laini, kana kwamba mtu ameipumulia.

Sababu yake naijua na nilipaswa kuikumbuka kabla. Lenzi inapofika kwenye ukubwa wa moja kwa moja, tundu hufanya kazi kana kwamba ni dogo maradufu: f/22 inakuwa sawa na karibu f/44. Mwanga ukipenya kwenye tundu dogo kiasi hicho hupinda na kutawanyika, na nukta zote za picha zinavimba. Tulikuwa tumeuondoa ugonjwa kwa kumuua mgonjwa. Na jioni ikawa imeisha.

Siku ya pili sikugusa kamera. Nilimwomba mpigaji azichape picha 12 za awamu ya kwanza kwa ukubwa mdogo, tukazipanga mezani: tatu zilizokubaliwa upande huu, tisa zilizokataliwa upande ule. Tukakaa tukizitazama. Mpigaji ndiye aliyeliona. Chaki, uzi, kitambaa: vyote vitatu havina mng'ao. Na vilikuwa na ukungu kama wenzake! Chaki ilikuwa kali kwenye ncha moja tu, na mteja aliipenda hivyo hivyo.

Basi tatizo halikuwa ukali. Tatizo lilikuwa mng'ao, yaani mwanga.

Kastabini

Hapa ndipo tulipojifunza karibu yote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tuliikuza picha ya kastabini kwenye skrini na kuanza kusoma kilichomo. Juu ya kichwa chake cha mviringo tuliyaona madirisha mawili (chumba kina moja, la pili lilikuwa kioo cha kabati), balbu ya dari, duara jeusi la lenzi, na upande wa kulia bonge jekundu ambalo hatukulielewa hadi mpigaji alipolitazama shati alilovaa siku ile. Chini ya hapo, kila kishimo cha kastabini kilikuwa na nukta moja nyeupe, kali, ya ile balbu. Kishimo ni kioo kidogo kilichobonyea. Kila kimoja kiliitengeneza balbu yake. Jumla yake ilikuwa kama upele. Ubavu mmoja ulikuwa wa manjano na mwingine wa buluu, kwa sababu balbu ya joto ipo kwenye Kelvini 2700 hivi na mwanga wa dirisha uko juu zaidi, 5500 au hata 6500 siku ya mawingu. Kamera haiwezi kusawazisha rangi mbili kwa wakati mmoja.

Chaki huupokea mwanga na kuutawanya kila upande, kwa hiyo ukiiangazia unaiona chaki. Chuma kilichosuguliwa hakifanyi hivyo. Kinakuonyesha kilicho mbele yake. Ukitaka kukipiga vizuri, acha kukiangazia chenyewe. Tengeneza kitu kizuri cha yeye kukitazama.

Tulifunga pazia na kuzima balbu. Tukabaki na taa moja ya meza ya LED. Kati yake na kastabini tukasimamisha karatasi nyembamba ya kunakilia michoro, ukubwa wa A3, kama sentimita 15 kutoka kwenye kastabini, upande wa kushoto na juu kidogo. Kwa kitu cha sentimita mbili, karatasi ya A3 iliyo karibu hivyo ni sawa na mbingu nzima yenye mawingu. Jua ni kubwa mno kuliko karatasi yoyote, lakini kwa kuwa liko mbali, kivuli chake ni kikali. Kinachoamua ulaini wa mwanga ni ukubwa wa chanzo kikitazamwa kutoka mahali kilipo kitu, na wanaoanza huchanganya hilo na nguvu ya taa kila siku.

Upele ukatoweka. Ndani ya kila kishimo sasa kulikuwa na hilali ndogo ya kijivu inayofifia. Lakini kastabini yote ikawa bapa, imepakwa weupe mmoja. Mpigaji alidhani tumemaliza; mimi niliona tumetoka kosa moja na kuingia jingine. Taa ilikuwa sentimita 40 nyuma ya karatasi, kwa hiyo karatasi nzima iliwaka sawasawa. Tuliisogeza hadi sentimita 10. Katikati ya karatasi pakang'aa na kingo zikafifia, na mteremko huo huo wa mwanga ukahamia kwenye chuma: ubavu wa kushoto mweupe, ukishuka taratibu kuelekea kijivu. Mwishoni tukasimamisha ukanda wa kadibodi nyeusi, upana wa vidole viwili, upande wa kulia nje ya fremu. Mstari mweusi mwembamba ukajichora kwenye ukingo wa kastabini na kuitenga na usuli. Kwa mara ya kwanza ilikuwa na umbo.

Kuhusu ukubwa, tulirudi nyuma hadi nusu ya ukubwa halisi na tukafungua tundu hadi f/8. Kwa kurudi huko tu, unene wa sehemu kali uliongezeka karibu mara tatu, kutoka milimita moja hivi hadi chini kidogo ya tatu. Kilichobaki tulikikata pembeni baadaye. Lenzi ikiruhusu kusogea haimaanishi inakuamuru.

Mpangilio ulichukua muda kuliko mwanga. Tuliishusha kamera hadi usawa wa meza, na kastabini ikasimama kama mnara. Ilipendeza kupita kiasi: hakuna aliyeweza kujua ukubwa wake, ingeweza kuwa ndoo. Mpigaji akaleta uzi, akaulaza mbele yake ukiwa umejikunja mara moja. Uzi una unene ambao jicho la kila mtu linaujua, na ghafla kastabini ikawa ya kidole. Uzi ule ulipaswa kuingia kwenye fremu kutoka kona ya chini kushoto. Ulipoingia kutoka katikati ya ukingo uliikata picha vipande viwili. Tofauti ilikuwa milimita nne. Katika picha za aina hii, kusogea milimita nne ni kama kuvuka barabara.

Sindano, na vilivyobaki

Sindano ilikuwa imepigwa imelala kwenye mshazari kutoka kona hadi kona, jicho lake tu likiwa kali na mwili ukiyeyuka. Mpigaji alitaka kuunganisha fremu nyingi, kila moja ikiwa kali mahali pake, ziwe picha moja iliyo kali kote. Nilimwomba kwanza aizungushe kamera hadi sensa iwe sambamba na sindano. Kitu chembamba na kirefu kikilala sambamba na sensa chote kiko kwenye umbali mmoja, na ile milimita moja mbili inatosha. Fremu moja, f/8, kali toka jicho hadi ncha. Watu hulisahau hili kwa sababu haliuzwi dukani.

Tulibadilisha pia taulo. Kwenye ukubwa huu nyuzi za taulo zinaonekana kama kamba za meli. Tukaweka karatasi nyeusi isiyong'aa, na kwa makusudi tukaitoa ile karatasi ya kunakilia ili sindano iwe na kivuli kikali pembeni yake. Mstari mmoja wa chuma, mstari mmoja wa kivuli, vikikutana kwenye ncha. Picha ni hiyo tu, na mteja aliipenda kuliko zote.

Pini zilienda haraka kwa mtindo wa kastabini. Mkasi tuliugeuza ili upande usiosuguliwa utazame juu. Kifungo cha plastiki kilitaka mwanga wa kulamba: taa chini kabisa, karibu usawa wa meza, ili mikwaruzo na miduara ya kuchakaa itoe vivuli vyake.

Ufunguo ndio tuliounganishia fremu. Ulielekea kamera kwa meno, kichwa kikiwa kama sentimita nne nyuma, tukasogeza fokasi hatua za milimita mbili mbili, fremu 20 na kitu. Mara ya kwanza zilikataa kulandana kwa sababu sakafu ya mbao ilitikisika kila mmoja wetu alipobadilisha mguu. Mara ya pili tuliweka saa ya kuchelewesha shata sekunde mbili na tukasimama kama walinzi. Ilifanikiwa. Ufunguo ulikuwa mkali wote, na ulikuwa umekufa kama picha ya katalogi. Tulichagua fremu moja kati ya zile 20, yenye meno makali na kichwa kikipotelea gizani.

Futikamba niliipanga mwenyewe. Ilikuwa na tabaka laini linaloteleza, kwa hiyo niliihesabu miongoni mwa vitu vya mng'ao. Niliizungusha kama konokono, nikaweka mwanga kutoka kushoto, nikahakikisha hakuna namba inayosomeka karibu na ukingo wa fremu, maana jicho husoma kwanza na kutazama baadaye. Namba moja iliyo mahali pabaya inaiba picha. Ncha moja ya futikamba ilikuwa imechanika na kushonwa kwa uzi mwekundu. Doa lile jekundu liliharibu utulivu wa kijivu na njano niliokuwa nimeupata. Nikalificha chini ya mzunguko.

Matokeo

Kifungo cha tatu, kile cha gamba la chaza, hatukukituma, kwa sababu nitakazozieleza. Kati ya picha nane zilizotumwa, mteja alizikubali saba. Pamoja na tatu za mwanzo zikawa kumi.

Futikamba ilirudi tena. Safari hii mpigaji alimpigia simu badala ya kubahatisha, na mteja akaeleza. Futikamba ilichanika yeye akiwa mtoto, kwa kuichezea, na mama yake akaishona ile ncha usiku ule ule kwa uzi uliokuwa kwenye sindano. Kwake yeye futikamba ni ile ncha. Mpigaji alikuwa ameificha mara ya kwanza bila kujua, nami nikaificha mara ya pili nikijua.

Tulipiga upya: ncha peke yake, mshono mwekundu ukiwa theluthi moja ndani ya fremu, mwanga ukilamba kutoka kushoto ili kila pito la uzi liwe na kivuli, na sehemu iliyobaki ya futikamba ikiyeyuka nyuma. Dakika kumi. Mteja aliijibu siku hiyo hiyo.

Uchambuzi

Kupanga picha zilizokubaliwa na zilizokataliwa kwenye meza moja kulitufaa kuliko kifaa chochote. Kungefanyika siku ya kwanza, tusingepoteza jioni kwa f/22. Nilikuwa na mteja anayesema “hazina uhai” na mwanafunzi anayesema “si kali”, nikamsikiliza mwanafunzi kwa sababu alizungumza lugha ya ufundi. Hilo ni kosa la mwalimu, halikuwa lake.

Taa moja ilitosha kwa kila kitu. Nguvu yetu ilikuwa kwenye karatasi na kadibodi. Ukungu tulioufikiria kuwa ndio ugonjwa ulibaki kwenye picha nyingi zilizokubaliwa, na kwenye ufunguo tuliuchagua.

Uamuzi wangu wa kuweka mwanga wote utoke kushoto, ili picha 12 zikitundikwa pamoja zionekane za familia moja, bado nautetea. Lakini uligharimu kifungo cha chaza. Rangi za chaza, zile za kijani na waridi zinazocheza, zinatoka kwenye tabaka zake nyembamba na huonekana tu pale mwanga unapoakisiwa moja kwa moja kuelekea lenzi. Kutoka kushoto kilionekana kama kifungo cheupe cha kawaida. Tulipoibeba taa nyuma yake, rangi zilikuja zote, na picha haikufanana na ndugu zake. Tulijaribu njia ya kati: kifungo juu ya kipande kidogo cha plastisini (udongo laini wa kufinyangia), kukiinamisha kidogo kidogo kuelekea taa. Rangi zilianza kuja pembezoni, lakini matundu manne ya uzi yakageuka mashimo meusi yaliyomeza kila kitu. Leo ningeivunja kanuni kwa picha hiyo moja na kuitundika kwenye kona ya mwisho ya safu.

Futikamba ni habari nyingine. Kila nilichokifanya pale kilikuwa sahihi kwa kanuni za mpangilio, pamoja na kuondoa rangi inayovuta jicho. Jicho lilipaswa kuvutwa. Mpigaji sasa, kabla hajafungua mkoba wa kamera, humwomba mwenye kitu akishike mkononi na kukizungumzia kwa dakika moja, huku yeye akiangalia kidole gumba kinarudi wapi.

Ukutani kwa mteja kuna picha 11 na msumari mmoja mtupu. Kifungo kiko kwangu bado, juu ya plastisini yake.